Taipureta za mtumba za Olivetti: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kama unatafuta taipureta ya kuandikia, si ya kupambia sebule, anza na Lettera 32. Ilitoka mwaka 1963 katika kampuni ambayo Camillo Olivetti aliianzisha mjini Ivrea, kaskazini mwa Italia, mwaka 1908. Inabebeka, ni imara, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi, kuipata si kazi kubwa.

Namba mbili ni dada yake mkubwa, Lettera 22 ya mwaka 1950. Marcello Nizzoli ndiye aliyeichora, nayo ikashinda tuzo ya ubunifu ya Italia, Compasso d'Oro, mwaka 1954. Ina uzito wa kilo 3.7 tu. Nyingi hazina kitufe cha 1; unapiga l ndogo na mambo yanakwenda.

Mwenye meza ya kudumu atafute Lexikon 80 ya mwaka 1948. Nzito, haiendi safari.

Valentine naiweka mkiani, na mashabiki wake wanisamehe. Wabunifu Ettore Sottsass na Perry King waliitoa mwaka 1969, plastiki nyekundu inayovutia macho, lakini mitambo ya ndani ni ile ile ya Lettera. Unalipia rangi. Tena mkoba wake hushikwa na vibanio viwili vya mpira ambavyo hukatika vikizeeka, na mashine ikakudondokea miguuni.

Kabla hujatoa pesa, angalia mpangilio wa herufi. Zilizouzwa Italia huanza na Q, Z, E. W imeshushwa chini, M imekaa pembeni mwa L. Jaribu kuandika "wamezima" uone vidole vinavyopotea.

Kisha sukuma sehemu inayobeba karatasi mpaka mwisho wa kulia, upige nafasi mfululizo. Isogee yenyewe kushoto, hatua kwa hatua, na kengele ilie kabla ya ukingo. Ikigoma, huenda uzi unaoivuta umekatika. Bonyeza rola kwa ukucha: mpira usipobonyea hata kidogo umekauka, na karatasi itateleza.

Utepe wa wino usikutishe. Wa nusu inchi bado unauzwa mtandaoni, unauviringisha kwenye vigurudumu vya zamani. Ila hakikisha vigurudumu vyote viwili vimo, pamoja na vifuniko vidogo vya kuvikaza. Muuzaji akikwambia kwamba hivyo vilivyokosekana utavipata popote, teremsha bei.