Uzoefu wangu na darasa la fidla la watoto wa viwango mchanganyiko, Mjini Unguja

Kwa miezi mitano niliwapeleka wanangu wawili katika darasa la fidla la kila Jumamosi hapa Mjini, kwa ada ya shilingi 40,000 kwa mtoto kila mwezi. Mkubwa, mwenye miaka 13, alikuwa ameshapiga kwa miaka miwili, na mdogo, mwenye miaka minane, hajawahi hata kushika upinde. Waliwekwa chumba kimoja na wenzao tisa, nami niliingia na shaka, kwa sababu katika taarab asilia fidla zote hufuata mahadhi yale yale, na hivyo haipatikani ile sehemu nyepesi ambayo mwanafunzi mchanga wa okestra ya Kizungu hupewa akajifichia humo.

Mwalimu alikuwa na dawa yake. Nyuzi mbili nyembamba alizishusha zikawa sauti za sol na re badala ya sauti za la na mi, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa mtindo wa Kiarabu, na kwa hivyo kila fidla ikawa na sol mbili na re mbili. Wachanga walipitisha upinde polepole juu ya nyuzi hizo bila ya kubonyeza kidole, wakishikilia sauti ya kituo, yaani ile ambayo wimbo huirudia na kuishia, huku wakubwa wakipiga mahadhi juu yake. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli, si ya kumpumbaza mtoto: upinde wa mdogo wangu ukiyumba, chumba kizima kilisikia.

Lililoniudhi ni tepu zilizobandikwa kwenye shingo za fidla kuwaonyesha wachanga mahali pa vidole. Zilifuata ngazi ya Kizungu. Walipofika kwenye rasti kuanzia re, ambayo ni mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kidole cha pili kilitakiwa kikae baina ya sauti mbili ambazo piano inazo, mahali ambapo piano yenyewe haina kitufe. Mdogo akafuata tepu, mkubwa akafuata sikio, na kwa wiki tatu walizozana hadi nyumbani. Tepu hiyo ilibanduliwa baada ya mimi kulalamika.

Muda nao haukutosha. Katika saa moja, karibu dakika 20 zilikwenda katika kulinganisha nyuzi, maana kwa unyevu wetu wa masika vigingi vya kukazia nyuzi hukwama, na wakubwa walikaa wakisubiri mpaka walipokabidhiwa wao kazi ya kuwalinganishia wadogo. Fidla ndogo za kipimo cha nusu pia hazikutosha, kwa hivyo mwezi wa kwanza mdogo alihangaika na ya kipimo cha robo tatu iliyomzidi mkono.

Mkubwa nimemhamishia kwa mwalimu wa peke yake. Mdogo nimemwacha pale pale, na ada ya mwezi ujao nimeshalipa.