Bolt, inDrive na teksi ya kijiweni Dar: nimezipima zote, na leo sikiliza na hesabu ya dereva

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sijakaa mezani kama mlivyozoea, leo nipo ndani ya gari, hii ni Toyota IST ya mjomba wangu, tumepaki kijiweni hapa Sinza, na mwenyewe yupo hapa kwenye usukani amekubali nirekodi ila uso hataki uonekane, kwaiyo mtaona mikono yake na hii simu iliyobanwa hapa kwenye dashibodi. Mmeniomba sana nichambue hizi app za usafiri, ipi nzuri, ipi bei nafuu, na mi nikawa nasogeza mbele kwasababu kila nikianza najikuta naongelea upande wa abiria tu, wakati hii bidhaa ina watumiaji wawili, kuna we unayeita na kuna huyu anayekuja kukuchukua, na wote wawili wanaishikilia mkononi app ya kampuni moja.

Tuanze na abiria maana hapo sitakaa sana. Wakati Uber inaingia Dar mwaka 2016 mi nilikua nakaa mbali na barabara kubwa na nakumbuka kabisa teksi ilikuaje. Unatoka na begi, unafika kijiweni, unaulizwa unaenda wapi, unasema, alafu jamaa anakuangalia kuanzia viatu mpaka kichwani ndo anataja bei. Kama mvua inanyesha umeliwa. Kama una mzigo na mtoto mgongoni umeliwa mara mbili, maana wanajua huna pa kwenda. Mjomba mwenyewe hapa anatikisa kichwa, anakubali, anasema ndivyo tulivyokua tunaishi, tripu moja ya mgeni ilikua inalipa siku nzima ambayo haikua na abiria.

Sasa angalia hapa kwenye skrini. Nimeandika ninapokwenda, bei imetoka kabla gari halijafika, naona aina ya gari, naona namba, naona jina la dereva na nyota zake, na hapa chini naweza kumtumia dada yangu linki akafuatilia safari akiwa nyumbani. Kwa mwanamke anayetoka kazini saa nne usiku hiyo linki ni kitu kikubwa sana, na mi ntaitetea siku zote, hata mbele ya mjomba. Zamani ulikua unapanda teksi bubu hujui hata gari la nani, unamuomba Mungu tu mpaka ufike. Na Taxify ilivyoingia, hii ambayo mwaka 2019 ikabadili jina ikawa Bolt, bei zikashuka zaidi mpaka watu ambao hawakuwahi kupanda teksi maishani mwao wakaanza kupanda. Mama anatoka sokoni Mwananyamala na viroba vyake anaita gari. Hilo lilikua haliwezekani kabisa, teksi ilikua ya harusi, ya hospitali na ya wazungu.

Kwaiyo kama uchambuzi ungekua wa abiria peke yake ningesema pakua, tumia, tumemaliza.

Ila hebu tufike kwenye ile simu inayowaudhi wote. Umeita gari, dereva amekubali, badala ya kuja anakupigia. Upo wapi? Unaelekea wapi? Unalipa kesh au kadi? Ukisema kadi kimyaaa, alafu unaona amekanseli. Mnaandika sana kwenye komenti kwamba madereva wa mtandaoni wana dharau, na mi nilikua naamini hivyo, mpaka nilipokaa siku tatu kwenye kiti hiki cha mbele nikiangalia simu ya mjomba ikilia.

Nichukue kalamu hapa. Tuseme tripu ni 10,000. Kamisheni ya asilimia 25, kampuni inachukua 2,500. Imebaki 7,500. Tripu yenyewe ni kilometa 10 lakini abiria alikua kilometa 3 kutoka hapa, na zile 3 hakuna anayezilipa, kwaiyo gari limetembea 13. IST kwenye foleni ya Dar, kuanza na kusimama, kuanza na kusimama, tuipe kilometa 12 kwa lita, imekula lita moja na kidogo, tuseme lita moja tu. Lita tuiweke 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei mpya. Kwaiyo tumebaki na 4,500, na hapo hujaosha gari, hujanunua bando, hujala.

Sasa gari hili ni la mjomba mwenyewe, ila madereva wengi unaowaona gari ni la tajiri, yani mwenye gari. Jioni tajiri anataka hesabu, ile hela ya kila siku mliyokubaliana. Tuseme hesabu ni 25,000. Gawanya kwa 4,500. Ni tripu tano na nusu, yani sita, ndo unamaliza deni la tajiri, na kuanzia ya saba ndo unaanza kutafuta hela ya nyumbani kwako. Tripu sita Dar! Ukikwama Mwenge jioni tripu moja inakula saa nzima. Huyu mtu anakuuliza kesh au kadi kwasababu hela ya kadi haiji mkononi hapohapo, na taa ya mafuta inawaka, hebu angalia, hata ya mjomba hapa imewaka, sijaipanga hii.

Na hata ukilipa kesh usidhani amepona. Ukimpa 10,000 mkononi, ile 2,500 inaandikwa kwenye app kama deni, likifika kiwango fulani akaunti inafungwa mpaka alipe. Mjomba amenionyesha deni lake la jana, na akanambia kitu ambacho sijakisahau, zamani nilikua na tajiri mmoja nikahangaika miaka mingapi nikanunua gari langu ili nisiwe na tajiri, sasa nimepata tajiri mwingine ambaye hata sijui anakaa wapi nikamwambie leo siku imekua mbaya.

Hapo ndo utaelewa ile purukushani ya 2022. LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, walitoa bei elekezi na wakasema kamisheni isizidi asilimia 15. Madereva wakashangilia. Rudi kwenye hesabu yetu uone, kwa 15 dereva anabaki na 8,500, toa mafuta 5,500, hesabu ya tajiri inaisha kwa tripu tano badala ya sita. Tripu moja tu, ila hiyo tripu moja ni saa moja mapema kufika nyumbani, kila siku. Kilichofuata mnakijua, mwezi wa nne Uber wakasimamisha huduma nchini, mwezi wa nane Bolt wakabaki na wateja wa makampuni tu, raia wa kawaida tukawa tunafungua app tunakuta patupu. Kiwango kikarudishwa mpaka 25, na mwezi wa kwanza 2023 Uber wakarudi. Mi nasema wazi, sikupenda ilivyoisha. Serikali iligusa sehemu sahihi kabisa, tatizo dereva hakua na mahali pengine pa kwenda wakati app zimezimwa, kwasababu kile alichokua nacho zamani kilikua kimeshakufa, nacho ni kijiwe.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hii ndo sababu ya video nzima.

Kijiwe watu wanadhani ni sehemu ya kukaa na kupiga stori. Kijiwe kilikua na mwenyekiti, kina kitabu cha majina, ukitaka kuingia unatoa kiingilio, na kuna zamu, abiria akija anaenda kwa aliye mbele. Na muhimu kuliko vyote, kulikua na bei ya chini. Hakuna aliyeiandika popote ila kila mtu anaijua, kutoka hapa mpaka Posta hushuki chini ya kiasi fulani, ukishuka utawatazamaje wenzako ukirudi? Ile aibu ndo ilikua inalinda hela ya kila mmoja. Mtu akifiwa wanachanga. Gari likifa wanasukuma, na ukikaa wiki gereji wenzako wanakupa dei waka uendeshe la mwingine jioni ili watoto wale.

App imemchukua kila dereva ikamuweka peke yake na simu yake. Mwenzako akikubali tripu ya hasara humuoni na yeye hakuoni, hamna aibu hapo, kuna njaa tu. Na inDrive ndo inaonyesha vizuri zaidi. Hii app asili yake ni Yakutsk, huko Siberia Urusi kwenye baridi ya kutisha, watu walichoka teksi kupandisha bei wakati wa baridi wakaamua abiria ataje bei mwenyewe. Wazo zuri, na kamisheni yao kwa dereva huwa ndogo kuliko wenzao, hilo niwape haki yao. Angalia, naandika ninapokwenda, naweka bei yangu, madereva wanaanza kutuma ofa. Ni mapatano yaleyale ya kijiweni, ila kijiweni ulikua unapatana na mtu mmoja ambaye wenzake kumi wamesimama nyuma yake. Hapa unapatana na watu kumi ambao kila mmoja anaogopa wale tisa. Bei inaenda upande mmoja tu.

Kwaiyo nikiwaomba kitu watumiaji wa inDrive, ile bei unayoweka, kabla hujabonyeza kumbuka lita ya mafuta ni shilingi ngapi. Usiweke 5,000 kwa safari ya kilometa 15 kwasababu tu kuna mtu atakubali. Atakubali kweli, kwasababu ni saa tano usiku na tajiri anapiga simu.

Wenzetu Nairobi wamepita njia hiihii, Uber ilifika kwao 2015, mwaka uliofuata madereva wa teksi za zamani wakawa wanashambulia magari ya app, yakachomwa. Baadae haohao wa kwenye app ndo wakawa wanagoma. Na mwaka 2024 madereva walichapisha bei zao wenyewe kwenye karatasi, wakaziweka ndani ya magari, abiria akipanda anaonyeshwa, app inasema hivi, sisi tunasema hivi. Ukiitazama vizuri ile karatasi ni kijiwe kinajaribu kurudi. Abiria wengi walikasirika na nawaelewa, umeona bei moja unaambiwa nyingine, hata mi ningekasirika, ila sasa najua ile karatasi ilitoka wapi.

Niwasimulie langu moja alafu tumalizie. Mwaka jana usiku wa saa nane mama alizidiwa, presha. Nikafungua app, sitaitaja, na sio kwamba nyingine zisingefanya hivyohivyo. Dereva wa kwanza akakubali, akapiga, alipojua nilipo akakanseli. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alikua anazunguka palepale kwenye ramani, haji wala hakanseli, dakika zinaenda, mama anapumua kwa shida. Nikampigia mjomba, yeye alikua amesafiri, akasema subiri. Dakika kumi hazijaisha gari limesimama getini, jamaa wa kijiweni kwake, simjui, amekuja na ndala na msuli amefungia kiunoni. Akasaidia kumbeba mama, akatupeleka, akakaa nje mpaka kumekucha. Nilipomuuliza ni shilingi ngapi akanijibu, mama kwanza, hela utamuachia mjomba wako. Hakuna sehemu ya kubonyeza kwenye app yoyote ikakupa hiyo, na mi naumia sana nikiona kijiwe cha huyu mtu kilikua na magari kumi na nne na sasa hivi nikigeuza kamera mnaona, ni haya matatu, na lile la mwisho halina tairi.

Basi alama zangu. Kwa abiria, kujua bei mapema na usalama wa safari, Bolt naipa 8 kwa 10. inDrive naipa 7, ni nzuri ukiwa unajua bei halisi ya njia yako, kama hujui utamuumiza dereva au utakaa dakika ishirini hakuna anayekuja. Teksi ya kijiweni mchana naipa 5, bei bado inategemea uso wako, ila weka namba ya dereva mmoja wa kijiwe cha jirani kwenye simu yako, hiyo usiku wa manane ni 10. Kwa dereva, kamisheni ya 25 juu ya hesabu ya tajiri, naipa 3 na sitapandisha mpaka nione zile kilometa za kumfuata abiria zinalipwa. Na ukipanda kagua namba ya gari kabla ya kufungua mlango, uwe na chenji, na kama unalipa kadi mwambie mapema kwenye meseji ili asifike bure.

Ngoja, ngoja, imelia, sogeza kamera hapa. Mnaona? Tripu ya 4,000, na abiria yupo kilometa 5 kutoka hapa tulipo. Zile sekunde zinahesabu kwenda chini. Mjomba anaiangalia tu... ameiacha. Anasema nikiifata hiyo nafanya kazi ya kuchoma mafuta.

Imelia nyingine. Kilometa moja, Sinza Makaburini, anaenda Kigamboni. Ameikubali, anapiga. "Habari yako dada, samahani, unalipa kesh au kadi?" Haya wadau, nashuka, mjomba anaondoka.