Uzoefu wangu: filta ya sponji na pampu ya betri kwenye tangi la samaki la lita 60

Kama unaanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani na hela yako inatosha kifaa kimoja tu kizuri mbali na tangi lenyewe, nunua filta ya sponji pamoja na pampu ya hewa yenye betri ndani. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka sebuleni kwetu Dar es Salaam, kwenye joto letu hili na umeme unaoweza kukatika saa yoyote, na sina mpango wa kuibadilisha. Samaki wangu ni wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, ambao wafugaji tunawaita multi tu. Nawataja mapema kwa sababu mengi niliyoyapenda kwenye filta hii nimeyaona kupitia wao.

Filta yenyewe haina mambo mengi: kitako kizito cha plastiki, sponji nyeusi mbili, na bomba lililosimama katikati. Pampu inakaa nje na kusukuma hewa kupitia mpira mwembamba hadi ndani ya bomba. Mapovu yakipanda yanavuta maji kwenda nayo juu, na maji mengine yanapita kwenye sponji kuja kujaza nafasi. Hakuna mota ndani ya maji wala waya wa umeme unaozama, jambo ambalo kwangu lina uzito wake, maana nyumbani kuna watoto na mikono yao haikai mbali na tangi. Bei ya filta haikufikia ya kuku mmoja wa kienyeji. Kilichokula hela ni pampu.

Wengi tunadhani kazi ya filta ni kukamata uchafu unaoonekana. Hiyo ni kazi ndogo. Samaki anatoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi mpaka ubadilishe maji. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wanashika mahali, na sponji ndiyo nyumba yao bora kwa kuwa ina vitundu visivyohesabika na maji yenye oksijeni yanapita humo usiku na mchana. Kwenye tangi jipya wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka kufikia kiwango cha kutosha. Mtu akinunua tangi Jumamosi na kuweka samaki kumi siku hiyohiyo, wanaanza kufa mmoja mmoja huku maji yakionekana safi kabisa, na yeye anamlaumu aliyemuuzia. Inaniuma kila nikisikia, kwa sababu ni vifo vinavyozuilika kwa kusubiri.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi. Maji ya ziwa lile yana pH ya juu (yaani ni ya alkali, kinyume cha uchachu), karibu 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika ile hali inayoua. Kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Filta yangu ikiwa mpya niliipeleka kwa jamaa anayefuga gapi, samaki wadogo wa mapambo, tangi lake ni la siku nyingi na samaki wake wana afya, ikakaa humo kama mwezi ikifanya kazi pamoja na ya kwake. Nikaihamisha ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lake, ikiwa imelowa muda wote. Nilipowatia samaki wa kwanza na kupima kwa vile vipimo vya matone, amonia sifuri, nitriti sifuri. Kama una rafiki mwenye tangi lisilo na ugonjwa, hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ninazozijua za kuanza, na haina gharama.

Sponji mpya ina tabia ya kuelea. Izamishe kwenye ndoo uiminye na kuiachia mpaka mapovu yaishe, ndipo uiweke tangini. Pia tia jiwe dogo la hewa ndani ya bomba. Bila hilo mapovu yanatoka makubwa na kelele yake ni ya kuudhi usiku. Likiwepo yanatoka madogo, maji yanavutwa vizuri zaidi na sebule inatulia.

Sasa umeme. Kabla ya hii niliwahi kufikiria zile filta za kopo zinazokaa chini ya meza. Ni nzuri, zina nguvu, na maji yake yanang'aa. Lakini umeme ukikatika, maji yanabaki yamefungiwa ndani ya kopo, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo ndani ya saa chache na kuanza kufa. Umeme ukirudi, uozo wote huo unasukumwa tangini kwa mkupuo mmoja. Sponji iko ndani ya tangi lenyewe, wazi kila upande, kwa hiyo hata ikisimama kwa muda bado inazungukwa na maji yaleyale wanayopumua samaki. Na kwa pampu ya betri, haisimami. Umeme ukizima inajiwasha yenyewe na kuanza kupuliza kwa vipindi. Yangu imeshavuka usiku mzima hivyo, asubuhi nakuta mapovu yanapanda. Ukiinunua, chomoa waya dukani palepale uone kama inaendelea kupuliza, usikubali maneno ya kwenye boksi peke yake.

Kuna kitu kingine cha bei ndogo sana ambacho hukipati ndani ya boksi la filta: vali ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ikisimama huku imewekwa chini ya usawa wa maji, maji yanaweza kurudi kwa njia ya mpira wa hewa na kumwagika sakafuni, yakipitia kwenye pampu yenye umeme. Vali inakatiza hapo. Ina upande wa kuingilia na wa kutokea, ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: hewa ipite kuelekea tangini, isipite kurudi. Au itundike pampu ukutani juu ya tangi, ingawa mimi ningeweka vali hata hivyo.

Joto nalo lina uhusiano na haya yote. Multi wanapenda maji ya nyuzi 24 hadi 27 hivi, na Januari na Februari hapa mjini tangi linapanda hadi 30 bila kuulizwa. Maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo, wakati ambapo samaki ndiyo kwanza anaihitaji zaidi. Mapovu ya filta yanautikisa uso wa maji na hewa inaingia. Miezi hiyo nafungua sehemu ya mfuniko na kuelekeza feni ndogo juu ya maji. Mvuke unapotoka joto linashuka nyuzi mbili tatu, ila itabidi uongeze maji mara kwa mara. Wenzetu wa Njombe au Mbeya wana shida iliyo kinyume na yetu, wao watahitaji hita.

Kuhusu kuliweka tangi lenyewe nitasema kwa ufupi. Lita 60 za maji ni kilo 60 kabla hujaweka mchanga, mawe na kioo, hivyo meza ya plastiki haifai. Tafuta meza ya mbao nene au chuma, iliyonyooka. Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua, la sivyo mwani utakukimbiza. Mchanga wa multi uwe mwembamba kwa sababu wanachimba mno, na kanuni yangu ya makombe ni kwamba kila samaki apate zaidi ya moja. Maji ya bomba yana klorini, inayoua bakteria walewale unaowalea. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kila wiki natoa kama robo ya maji kwa mpira na kurudisha mapya.

Kinachonifanya niipende filta hii kuliko vifaa vingine ni vifaranga. Multi ni miongoni mwa samaki wadogo kabisa duniani wa familia ya sikilidi, dume halizidi sana sentimita 4, na wanataga ndani ya kombe. Siku moja unaona mdomoni mwa kombe kuna vijicho viwili, mwili wenyewe huuoni. Baada ya siku chache wanatoka, wembamba kama uzi, wanakwenda umbali wa kidole na kurudi ndani mama akisogea. Filta ya mota ingewavuta wote. Kwenye sponji mvuto ni mdogo na umetawanyika, na badala ya kuwadhuru inawalisha: wanaotoka mbali kidogo na kombe wanatua juu ya sponji na kudonoa vijidudu vilivyoshika pale. Kuna jioni nilisogeza uso karibu na kioo nikamwona mmoja akidonoa tundu moja la sponji, anarudi nyuma, anageuza kichwa, anadonoa tena palepale. Hapakuwa na chakula nilichotia. Wazazi, wakati huohuo, walikuwa wameshakifukia nusu ya kitako cha filta kwa mchanga, na maji yaliendelea kupita bila tatizo. Mchanga ule ungeingia kwenye mota, habari ingekuwa nyingine.

Kuosha ndiko watu wengi wanakoua samaki. Usiioshe sponji kwa maji ya bomba na usiikaribishe sabuni. Ukiwa unatoa maji ya tangi, jaza ndoo, itoe sponji taratibu ukiwa umeiwekea bakuli chini ili uchafu usimwagike tangini, kisha iminye ndani ya ndoo hiyo mara kadhaa. Maji yanageuka kahawia na mazito. Harufu iwe ya udongo uliopata mvua. Hiyo ni sponji yenye afya. Ikinuka mayai viza, ujue ndani hapakuwa na hewa, minya zaidi na uongeze mapovu. Isafishe mpaka maji yapite vizuri, isiwe safi kabisa kama mpya. Maji ya ndoo hiyo usiyamwage, miche ya mpapai nyuma ya nyumba inayapenda sana.

Yapo nisiyoyapenda. Filta inaonekana, ni dude jeusi katikati ya mandhari uliyoipanga kwa upendo, hata ukilificha nyuma ya jiwe. Maji hayang'ai kama ya filta ya kopo. Vumbi laini linabaki likielea, hasa baada ya multi kuchimba. Vinyonyeo vya kuibandika kwenye kioo vilikakamaa mapema, na duka nililonunulia halikuwa na vingine, wakaniambia ninunue filta nzima, jibu ambalo sikuliona la haki kwa mteja. Pampu ina kiwambo cha mpira ndani ambacho huchoka kadiri muda unavyokwenda. Mapovu yakipungua bila sababu, kagua kwanza jiwe la hewa kama limeziba, kisha kiwambo. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, mtetemo unapungua.

Kwa wenye goldfish wakubwa au oska, hii peke yake haiwatoshi, hao wanachafua mno. Kwa gapi, beta, multi na samaki wengine wadogo inatosha kabisa. Ukiwa na nafasi, nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, uzifunge kwenye pampu moja yenye matundu mawili, na uzioshe kwa zamu, moja leo, nyingine baada ya wiki mbili, ili tangi lisikose bakteria hata siku moja. Na ukipata mgeni mpya wa kumtenga kwanza aangaliwe kama ana ugonjwa, au ukitaka kuanzisha tangi la pili, moja ya hizo iko tayari.