Kupitia Lubumbashi au kuwahi Ulaya: Samatta na Wanyama

Kijana wa soka apite kwanza klabu kubwa ya Afrika, au awahi Ulaya? Mshambuliaji wa Tanzania Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon, akaichezea Simba msimu mmoja tu, kisha mwaka 2011 akahamia TP Mazembe ya Lubumbashi, DR Congo. Kiungo wa Kenya Victor Wanyama hakusubiri. Mwaka 2007, akiwa na miaka 16, alishaondoka Nairobi kumfuata kaka yake McDonald Mariga huko Helsingborg, Sweden. (Kuwa na kaka ughaibuni ni zaidi ya kuwa na wakala.)

Lubumbashi ilimpa Samatta kitu ambacho benchi la Ulaya halitoi: dakika za kucheza, tena mechi zenye presha. Mwaka 2015 alifunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger. Alipotua Genk ya Ubelgiji Januari 2016 alikuwa na miaka 23, mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Hakwenda kufanya majaribio.

Wanyama alikulia Ubelgiji, Germinal Beerschot, halafu Celtic ya Scotland mwaka 2011. Novemba 2012 ikapigwa kona, akaruka, kichwa, Barcelona wamefungwa. Miezi minane baadaye yuko Southampton, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Samatta alifika ligi hiyo 2020, Aston Villa, akiwa na 27.

Kwa kasi, Wanyama kashinda. Ila dogo asiye na Mariga wake, mimi ningempeleka kwanza Mazembe. Tena kuondoka na miaka 16 kama Wanyama si rahisi: kanuni za FIFA kwa kawaida haziruhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18.