Honda Rebel 500 kwa anayeanza: nimeiendesha Malindi miezi minne

Jamani wale mnaouliza pikipiki ya kwanza ya cruiser (zile ndefu za siti ya chini) mchukue gani, mi nawaambia angalieni kimo cha siti kwanza kabla ya injini. Rebel siti yake iko milimita 690 tu kutoka chini, mimi mfupi na miguu yote miwili inakanyaga chini vizuri, na hiyo ndo ilinitoa woga, maana chombo kina karibu kilo 190 na ukisimama kwenye mchanga huku kwetu mguu ukiteleza hukizuii.

Injini ni 471cc, silinda mbili, inavuta pole pole haikurushi. Nilikua naogopa klachi kumbe ni laini sana, siku ya tatu nshaenda Watamu na kurudi. Upepo wa baharini kifuani, raha wallahi!

Ila cruiser nyingi miguu inakaa mbele kidogo, matuta ni vigumu kuinuka ukayapokea kwa magoti, mengi yanaingia mgongoni, kwa hivyo barabara za ndani ndani punguza mwendo. Kona ya kubana pia inataka mazoezi, mi nilikua naenda uwanjani asubuhi nageuza geuza tu.

Chumvi ya bahari nayo haina huruma, mnyororo usafishe na upake mafuta mara kwa mara.

Kama mfuko haufiki, Bajaj Avenger 220 ni nyepesi zaidi na siti pia iko chini, anza nayo tu. Zile za 1200cc muachie aliyezoea. Na helmeti nzuri nunua kabla ya pikipiki, tafadhali.