Fundi aliyemalizia mlango wa baba, Unguja (nyota nne na nusu)

Naandika hii kwa yeyote mwenye kazi ya mzee wake imefunikwa turubai haijaisha na hajui ampelekee nani, maana mimi nilihangaika miezi saba mpaka nikampata huyu.

Baba amechonga nakshi tangu kijana, kafundishwa na ami yake, na alipostaafu akasema sasa nachonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nyumba ya Fuoni. Mlango kamili wa kizamani, pande mbili, mfaa katikati (ule ubao wa wima pande mbili zinapokutana), miimo miwili (nguzo za fremu, kushoto na kulia) na kizingiti cha juu, vyote nakshi. Mbao za msaji (mtiki), alizifuata mwenyewe Tanga, zile za shamba la Longuza kule Muheza, akazirundika ukumbini zikakauka mpaka mama akawa anazipita kiubavu. Akachonga kidogo kidogo miaka miwili. Halafu Machi 2023 kiharusi, upande wa kulia wote, mkono wa patasi ndo huo. Kizingiti kilikuwa kimeisha, mwimo wa kushoto umeisha, mfaa umefika nusu, mwimo wa kulia una mistari ya penseli tu.

Fundi wa kwanza niliyemwita (Dar huyo, mimi nafanya kazi Dar) nilimtumia picha akasema dada hii kazi ya nini, piga randa yote tuipeleke kwenye mashine ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) siku mbili unapata mlango mpya. Sina ugomvi na mashine, ina kazi zake, lakini nakshi ya mashine ina kina kimoja kuanzia juu mpaka chini, ukipitisha kidole unahisi kama karatasi imekunjwa. Na kumwambia mzee aliyelala kitandani kwamba tumeiranda kazi yake, mimi siwezi. Wa pili alichukua laki mbili ya kuanzia na sijamuona tena. Basi.

Huyu wa tatu karakana yake iko Ng'ambo ya mjini Unguja, nilielekezwa na jirani. Jina na namba siweki hapa kwa sababu hapendi mitandao, ila ukiulizia mafundi wa milango ya nakshi mitaa ile watakufikisha. Swali lake la kwanza halikuwa bei wala vipimo, aliuliza "mzee anaweza kukaa?" Nikamwambia anakaa kwa kushikiliwa na maneno hayatoki vizuri. Akaja Ijumaa baada ya swala, akamwamkia, akakaa chini kwenye mkeka pale pale chini ya kitanda, mwimo ukaletwa ukalazwa kati yao. Nadhani saa nzima walikuwa wanaupapasa tu, yeye na baba, huyu anauliza "hapa ulianzia chini, mzee?" na baba anatikisa kichwa au anafumba macho.

Halafu akaomba patasi za baba. Mimi nikashangaa maana fundi gani hana patasi, ndo akanieleza kitu ambacho sikukijua miaka yote nimekulia kwenye vumbi la mbao: magamba ya samaki kwenye nakshi yanafuata mviringo wa patasi yenyewe, gamba moja ni pigo moja, kwahiyo ukibadilisha patasi unabadilisha samaki. Na baba ana namna yake ya kunoa, anailaza kidogo upande mmoja, ndo maana magamba yake yote yanaonekana kama yameinama. Akaziazima sita, akaziandika kwenye daftari moja moja, na zote sita zimerudi.

Mchoro aliutoa hivi, aliweka karatasi juu ya mwimo uliokwisha akasugua na penseli mpaka chapa ikatoka, samaki chini, mnyororo pembeni, maua juu, kisha akaigeuza karatasi ili mwimo wa kulia utazamane na wa kushoto. Lakini hakugusa mwimo kwanza. Alichonga kwenye kipande cha msaji kilichobaki, akakileta kwa baba. Baba akakataa. Akarudi wiki ya pili na kipande kingine, baba akapitisha mkono wa kushoto juu yake akasema "kina". Neno hilo lilitoka safi kabisa, mama alikuwa jikoni akalisikia. Yaani hakijaingia ndani vya kutosha. Cha tatu ndo akakiweka kifuani, na fundi akasema haya sasa naanza.

Tulibishana kitu kimoja. Kwenye mfaa kuna ua ambalo baba aliliacha katikati, majani matatu yamechongwa na matano bado, ndo siku alipoanguka. Mimi nilitaka liachwe vile vile liwe kumbukumbu yake, nikalia kabisa. Fundi akasema mimi siamui na wewe dada usiamue, tumuulize mwenyewe. Tukaenda, akamuonyesha lile ua, baba akaniangalia mimi kwanza, akasema "malizia". Na ukilitazama leo mimi najua yapi matatu kwa sababu najua, mgeni hatajua.

Sasa mapungufu, maana nataka mwende mkijua. Alisema wiki sita zikawa kumi. Risiti hana, nilimwandikisha mwenyewe kwenye daftari tukasaini. Simu baada ya Maghrib usipige, haipokelewi. Mwimo wa kulia umetoka mweupe zaidi ya wa kushoto, alikataa kuutia rangi ufanane, anasema msaji ukitiwa rangi nakshi inakufa, na ukisimama pembeni tofauti unaiona hadi leo, hapo ndo nimekata nusu nyota. Siku ya kufunga mlango upande mmoja ulikuwa unakwaruza sakafu, ila kesho yake alirudi na randa akaurekebisha bila kudai kitu.

Ufundi ulikuwa laki tisa, laki tatu ya kuanzia na iliyobaki mzigo ukiisha. Bawaba, misumari ya shaba na gari la kubebea ni juu yako. Kuna wa bei ndogo, sikatai, lakini hesabu na zile safari zake za Fuoni kuja kukaa na mgonjwa, hakuzitoza hata moja.

Mlango ulifungwa mahali pake mwezi Februari. Baba tunamtoa na kiti jioni anakaa barazani, mkono wa kushoto unafika kwenye samaki wa chini.

Ukienda nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, mchana karakana ni joto na yeye hapendi maongezi. Na beba kipande chochote ambacho mzee wako alikichonga akakimaliza, hata mguu wa kigoda, na patasi zake kama bado zipo, msizigawe jamani, maana hivyo navyo atakuulizia.