Mafuta yao nayasifu, kifuko chao cha vidonge siwasamehe

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Leo mguu hauniumi, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, maana nilitaka niseme kliniki ile ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, haifai kwa lolote, na siwezi kusema hivyo.

Mimi ni dereva wa lori. Dar mpaka Tunduma, mara nyingine navuka hadi Lubumbashi, miaka ishirini na ushee sasa. Mguu ulioniharibikia ni wa klachi. Maumivu yanaanzia tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja, yanapita ubavuni mwa kigimbi mpaka kidole gumba, utadhani kuna mtu anavuta waya wa umeme ndani ya nyama. Hospitali walinipiga picha ya MRI, wakaniambia diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza, inabana mshipa wa fahamu. Sayatika. Nikapewa pregabalin, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Maumivu yalipungua, sikatai, lakini nilikuwa nasinzia hata nikiwa naongea na mke wangu, na mtu anayeshusha mzigo mteremko wa Kitonga hana ruhusa ya kusinzia. Nikarudi kwa daktari, akanipunguzia kidogo kidogo mpaka nikaacha. Mwaka mzima na zaidi nikawa nalala ubavu mmoja tu.

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa Ayurveda, mtu wa Kerala, kusini mwa India, kliniki iko hapa hapa mjini. Sitaitaja. Wenye kuijua wataijua kwa harufu ya ufuta kuanzia kwenye ngazi.

Daktari mwenyewe hana tatizo. Nasema mapema ili hasira yangu isimwangukie. Alinishika mkono, akaweka vidole vitatu kwenye mpigo, akanyamaza kama dakika mbili. Kisha akaniuliza ninavyolala, choo kikoje, nakula saa ngapi, chai ngapi kwa siku. Hospitali hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya chai. Akasema ugonjwa wangu kwao unaitwa gridhrasi, jina limetoka kwa tumbusi, kwa sababu mwenye nao anatembea kama tumbusi. Akainuka kitini akaniigiza: kiuno kimepinda, mguu mmoja unaburutwa, shingo mbele. Mzee wa watu amevaa koti jeupe, anatembea kama ndege wa mizoga ndani ya chumba! Nilicheka mpaka mguu ukanikumbusha kwamba upo. Na ndivyo nilivyokuwa nikitembea kweli, utingo wangu ni shahidi.

Halafu akaeleza kilichoniingia akilini kuliko yote. Wao wanahesabu vitu vitatu mwilini, vata, pitta na kapha, na maumivu ya mishipa ya fahamu wanayaweka kwenye vata, yaani upepo, na upepo huo tabia yake ni ubaridi na ukavu. Nikakumbuka bibi yangu Pangani, alikuwa anasema "baridi yabisi". Yabisi si ni kavu? Maisha yangu yote nimelitamka neno hilo bila kulisikiliza, amekuja kunisomesha mtu wa Kerala. Na tiba inafuata hapo hapo: kama ugonjwa ni baridi na ukavu, mpe mgonjwa joto na mafuta. Ikiwa ndivyo mwili unavyofanya kazi au sivyo, mimi si wa kuamua. Nilipenda tu kwamba maneno yanashikana.

Siku saba nikaenda. Kijana mmoja wa Mbagala, amefundishwa kazi humo humo, ndiye aliyekuwa ananihudumia, na huyu popote alipo Mungu amzidishie. Unalala kifudifudi. Anakanda unga wa choroko nyeusi, ule ule wa papadi, anauviringa mrefu kama nyoka, kisha anauzungushia juu ya kiuno chako kama mtu anayejenga ukingo wa kisima. Ndani ya kisima anamimina mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, ya moto wa kuvumilika. Yakianza kupoa anayanyonya kwa pamba, anakamulia kwenye bakuli, anamimina mengine. Nusu saa. Siku ya kwanza ukingo ulipasuka upande wa kulia, mafuta yakaanza kukimbilia ubavuni, yule kijana akayakinga kwa kiganja chake mwenyewe, akasema, "Tulia mzee wangu, usijitikise," huku mkono wake unaungua. Mtu wa namna hiyo unamlipaje?

Baada ya hapo unakandwa mwili mzima, kisha unaingizwa kwenye sanduku la mvuke, kichwa kimebaki nje. Aliyewahi kupiga nyungu anajua, ila hapa hufunikwi blanketi na hukohoi. Kulikuwa na bomba la mafuta pia, la njia ya nyuma. Wanasema hiyo ndiyo tiba kuu ya vata. Nilikubali siku mbili, na habari zake naziacha hapo.

Usiku wa tano nililala chali. Mke wangu alinigusa kuhakikisha napumua.

Sasa nije kwenye kifuko.

Siku ya mwisho naenda dirishani kulipia, laki sita na kitu, sikununa. Binti wa dirishani ananyoosha mkono kwenye rafu ya juu, anashusha kopo kubwa, anamimina vidonge ganjani, anahesabu kwa kucha, anavitia kwenye kifuko cha plastiki cha kufunga kwa kubana. Anachukua kalamu anaandika "1×2". Basi. Vifuko viwili: kimoja cha vidonge vyeusi, kingine vidogo vyekundu vyekundu kama udongo wa Njombe. Hakuna jina, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna kiwanda.

Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Dada, hivi ni vya nini?"

"Dawa ya neva."

"Inaitwaje?"

"Ya neva, mzee."

"Nionyeshe basi hilo kopo nisome."

Akalirudisha juu ya rafu. Miwani sikuwa nayo na maandishi yenyewe ni ya sisimizi. Akaniambia, na watu nyuma yangu wanasikia, "Mzee, umekuja kutibiwa au kukagua? Ukikosa imani dawa haifanyi kazi."

Imani! Mimi kwenye mizani ya Vigwaza nikisimamishwa, simwambii askari awe na imani. Natoa karatasi. Akitaka turubai lifunguliwe, nafungua. Tunduma ni hivyo hivyo, gunia la mchele lina hati yake. Kitu cha kupita kwenye damu yangu mara mbili kwa siku ndiyo kisiwe na karatasi? Niliomba kumwona daktari, nikaambiwa ana mgonjwa, nikasubiri, nikaambiwa ameshatoka. Nilitoka pale natetemeka, na mguu ukaanza kuwaka kwenye ngazi. Nina hakika ni hasira.

Nyumbani nikampa binti yangu, anasomea famasia. Vile vyeusi akavinusa, akasema huenda ni guguli, utomvu wa mti ambao ni ndugu wa manemane. Hivyo havikumshtua. Vyekundu aliviweka kwenye karatasi akaviangalia muda mrefu, akaniuliza kama wameniambia vina madini. Nikamwambia kwani dawa ya majani inakuwaje na madini? Akanieleza kwamba Ayurveda ina tawi zima linalotumia metali, zebaki na risasi zikiwemo, wanazichoma na kuzisafisha mara nyingi, na wenyewe wanaamini zikishasafishwa hazidhuru. Akanionyesha utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008: walinunua dawa 193 za Ayurveda kwenye intaneti, wakazipima, na takribani moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Zebaki ile ile ya wachimba dhahabu wa Geita. Na risasi, akasema, ikijaa mwilini inaharibu mishipa ya fahamu yenyewe.

Yaani naenda kutibu neva, narudi na risasi kifukoni. Hata jina lenyewe la bunduki.

Nitende haki: sijui kama vyangu vina chochote. Huenda ni udongo na sukari. Huenda ndivyo vingenimaliza ugonjwa kabisa. Wapo wenye viwanda vya Ayurveda vinavyoandika kila kilichomo kwenye chupa, binti kanionyesha, kwa hiyo kumbe inawezekana. Lakini pale dirishani niliuliza swali la maneno mawili nikajibiwa kama mtoto aliyeiba.

Na binti ameniharibia hata furaha yangu ya mgongo. Anasema sayatika nyingi hupoa zenyewe, na siku saba za kulala bila kukanyaga klachi si jambo dogo. Nikamwambia ya kwangu mwaka mzima haikupoa. Akasema, "Baba, katika huo mwaka ulipumzika lini?" Nikanyamaza.

Mkinitaka nyota, nilianza na moja. Nikimkumbuka kijana wa Mbagala na kiganja chake, nafika nne. Nikimkumbuka yule binti anavyolirudisha kopo, narudi mbili. Mwenye kisukari, mjamzito, au mwenye dawa nyingine za hospitali, wewe hata usinisikilize mimi, kaongee na daktari wako kwanza. Mwenye mgongo wa dereva kama mimi, nenda kalale chini ya kile kisima cha choroko, lakini kwa dirishani toka mikono mitupu.

Mke wangu sasa ananipashia mafuta ya ufuta jikoni, ananipaka usiku. Si sawa na ya kule, nimemwambia ni bora zaidi. Vifuko viko kwenye kidroo cha lori, sijavimeza wala sijavitupa.

Wiki iliyopita nilirudi safari ya Lubumbashi na ule waya ukaanza kuvutwa tena, mwembamba, mpaka gotini tu. Jana nimepiga simu pale. Amepokea yeye yule, sauti nimeijua mara moja. Nikasema nataka siku tatu za mafuta, dawa sitaki. Akasema, "Karibu sana mzee, Alhamisi saa nne." Miwani nimeshaitia mfukoni.